Mkono wa Denise, Miche ya Mume Wangu

Wiki jana mliniacha ngazini, nyumbani kwangu Saltley, hapa Birmingham, sikio nimelibandika kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Ndani yumo mume wangu Ciza na mwanamke anayeitwa Denise, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Wapo waliosema ningeuvunja. Ni rahisi kuvunja mlango wa mwenzio ukiwa umekaa kwako unapuliza chai.

Kwa aliyepitwa, nitasema upesi. Mimi ni Rosine, mtu wa Uvira. Ciza alinioa huko kwetu, wazee wa pande zote wakiwapo, mahari ikatolewa, vigelegele vikapigwa. Kanisani hatukwenda. Akatangulia Uingereza, akapata kanisa la watu wetu, na kwa sauti yake ile wakamfanya mwalimu wa kwaya.

Nilipomfuata Birmingham nikakuta sheria imekaa mlangoni inanisubiri. Pale kanisani, mwenye ndoa isiyobarikiwa haongozi kwaya na hagusi meza ya Bwana. Basi Jumapili yangu ya kwanza Ciza akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni Rosine, dada yangu."

Nikadhani ni kwa mwezi mmoja, mpaka tubarikiwe. Kila nikiuliza lini, anasema bado. Mpaka hapa ninapowasimulia, kanisani mimi ni dada yake. Nampikia, namfulia, nalala naye, halafu Jumapili naketi benchi moja na mabinti wanaotafuta wachumba. Wamama wananiambia, "Rosine, mtafutie kaka yako mke, anazeeka peke yake." Najibu ndiyo, mama. Moyoni nawaka.

Kisha karakana alimokuwa akifanya kazi Ciza ikafungwa. Hapo ndipo binamu yake wa London, Israël, alipoleta ile biashara ya vijiti.

Vijiti vyenyewe ni vya bangi. Sikuambiwa ni mchicha, nilijua toka siku ya kwanza. Israël anakata vipandikizi kwenye mimea yake, anavikunja ndani ya gazeti bichi, anavitia kwenye kopo la biskuti, na kopo linapanda basi la masafa mpaka stesheni ya Digbeth kama zawadi ya shangazi. Sisi tunavilaza kwenye friji, pembeni ya mboga zangu za lengalenga, kisha tunaviotesha mizizi na kuvirudisha vikiwa miche.

Tatizo likawa mizizi. Ciza alipanda, vikaoza. Akaniambia nijaribu mimi, na vyangu vikaoza.

Sasa, sisi watu wa kule tunalo jambo letu. Kwetu si kila mtu anatia mche udongoni. Kuna mwenye mkono wa kuotesha, hata akichomeka fimbo inachipua. Na kuna mwenye moyo mchafu, akigusa tu, kitu kinakufa. Bibi zetu walikuwa wakimfukuza mwenye wivu asipite hata pembeni ya kitalu.

Ciza akautazama mkono wangu. "Rosine," akasema, "mkono yako inaua."

Kesho yake akamleta Denise.

Denise ni mjane, mtu wa Bukavu, anaimba sauti ya kwanza, na ndiye anayetufasiria kanisani kila wakija wageni wa Kiingereza. Aliotesha sombe, mihogo ya kula majani, kwenye ndoo sebuleni kwake, mwezi wa pili, theluji iko nje. Kanisa zima lilikwenda kuitazama ile sombe. Mimi pia nilikwenda, nikasema hongera, nikarudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Basi tumefika ngazini.

Sikio liko mlangoni. Nikasikia maji yanamwagwa kidogo kidogo. Nikasikia nailoni inakunjuliwa. Kisha sauti ya Denise, ile ya kubembeleza:

"Ciza, angalia hii. Imetoa muzizi."

"Wapi?"

"Hapa. Muzizi mweupe. Inama, utaona."

Alikuwa anainama, na mimi nilijua anainama karibu na nini.

Kisha mume wangu akasema kwa furaha, "Eh, Denise! Batoto betu banakomaa!"

Watoto wetu.

Nisikilizeni vizuri. Mimi na Ciza hatujajaliwa mtoto. Nimefunga, nimeomba, nimekunywa dawa za hospitali na dawa za mizizi. Neno hilo kwetu halisemwi ovyo, tumelizunguka miaka yote kama shimo katikati ya njia. Leo analitoa kwa mwanamke mwingine, juu ya bangi!

Nikaupiga mlango kwa viganja viwili.

"Nani?" Ciza akauliza.

"Shangazi wa watoto!"

Mlango ukafunguliwa kidogo tu. Alitoka Denise, anatabasamu, na kiunoni amejifunga kitenge changu. Kile cha njano, cha sikukuu, alichonipa mama nilipoondoka Uvira.

"Dada Rosine, pardon," akasema. "Nilikosa tablier ya kufunga kiunoni, nikakamata hii. Nitaifula, usijali."

"Kivue."

"Nitaifula vizuri, na—"

"Nimesema kivue!"

Akakifungua, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akanipa kwa mikono miwili. Hilo lilinichoma zaidi. Kama angenitupia, ningepata sababu.

Ciza akachungulia nyuma yake. "Rosine, shuka chini. Roho yako iko moto leo. Hapana karibia huku, utaviua vyote."

"Ciza, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu. Lakini hii chumba, acha."

Nilishuka. Nyuma yangu nikasikia ufunguo ukizungushwa. Mkijua ufunguo wa pili ulikuwa wapi mtacheka: ulikuwa ndani ya mkoba wa Denise. Mimi mwenye nyumba sikuwa na wangu.

Siku ile nilipanda basi kwenda Small Heath, kwa rafiki yangu Fartun. Fartun ni Msomali wa Nairobi, ana duka la nguo na manukato pale Coventry Road, na ana mdomo usio na breki. Alinitazama mara moja akanisogezea kiti.

"Rosine! Uso imekunjana hivyo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mume wangu amepata mtu wa kumpandia mboga."

Nilisema mboga. Urafiki una mipaka yake.

"Mboga? Sasa mboga ndio inakuliza?"

"Anasema mkono wangu unaua. Wa yule mwanamke unaotesha. Wanajifungia na miche yao chumbani, mimi nikiambiwa nisikaribie."

Fartun akaacha kukunja shungi alilokuwa nalo. "Ngoja. Wako ndani ya room, kwa nyumba yako, wamefunga?"

"Kwa ufunguo."

"Haki huyo manzi anakubeba ufala, anakuona mjinga. Na huyo mzee wako anaenjoy tu." Akanisogelea. "Sikia. Wacha kulia. Shida yake si ni mkono? Basi prove. Chukua moja, panda wewe mwenyewe. Ikishika, atakuwa na story gani tena?"

Nikarudi na maneno hayo kwenye basi kama mtu aliyepewa dawa.

Friji ni yangu. Hakuna aliyenifungia friji. Nikafungua ile droo ya mboga, nikakunjua gazeti bichi, nikachagua kijiti kimoja, tena kile kilichonyong'onyea, maana vizuri vyote vimeshaandikiwa mkono wa Denise. Nikakitia kwenye kikombe cha plastiki chenye udongo, nikakifunika na mfuko wa mkate. Nikakipeleka chumbani kwetu, dirishani, penye jua lile lile dogo tunalopewa huku.

Nikakisemesha. Naona haya kuandika, lakini nilikisemesha. Nilikiambia, wewe ukifa nimekwisha.

Nilijitahidi kuusafisha moyo. Kila nikitaka kukigusa nilikuwa nanawa mikono, naomba, nafikiria mambo mema. Haikuwa kazi ndogo. Naanza kufikiria jua la Uvira na soko la samaki, na kabla sijafika kwenye mizani anatokea Denise na kitenge changu. Nanawa tena.

Ciza hakukiona. Mtu ambaye kila akifika nyumbani anapitiliza chumba cha nyuma, ataona nini chumbani kwake? Alikuwa anaingia kulala taa imezimwa, ananipa mgongo.

Wakati huo Denise anakuja asubuhi, anakuja jioni. Siku nyingine nasikia wanacheka huko juu. Siku nyingine nasikia wanaimba, eti mazoezi ya kwaya, yeye sauti ya kwanza, Ciza ya tatu. Niko jikoni nasonga ugali, mwiko unapiga sufuria kuliko ngoma.

Siku moja nikamuuliza Denise mbele ya mume wangu, tukiwa mezani, maana siku hizo alikuwa pia anakula kwangu.

"Denise, kwani wewe hutaki kuolewa tena?"

Akatabasamu kwenye sahani. "Mungu akinipa mtu."

"Na akikupa mtu wa mtu?"

Ciza akakohoa ugali. Denise akanitazama bila kupepesa. "Dada Rosine, mimi sina macho ya kuona mtu wa mtu kama mwenyewe anafichwa. Nani wa mtu hapa? Nionyeshe."

Mnaona alivyo? Nilimtazama Ciza. Nikasubiri aseme neno moja tu, pale mezani, tukiwa watatu tu, hakuna mchungaji hakuna kwaya. Akaomba apewe maji.

Sijui mpaka leo kama Denise alikuwa anajua. Pengine alijua kila kitu. Pengine kweli Ciza alimwambia kwamba mimi ni dada, na nyumba ina vyumba viwili, na mtu mwenye akili zake haulizi zaidi. Sikuwa na nafasi ya kumhurumia.

Basi asubuhi moja naondoa ule mfuko wa mkate, nakuta kijiti kimesimama wima. Juu jani jipya, dogo, limefunguka vidole. Nikakivuta kidogo sana, kikakataa kuvutika. Nikakichimbua pembeni kwa kidole. Mzizi! Mweupe, mwembamba, umekamata udongo.

Nililia kwa furaha. Nikapiga na kigelegele kimoja kidogo, peke yangu chumbani.

Nilimsubiri Ciza mlangoni, kikombe nimekificha nyuma ya mgongo. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha njano, nimekifua mwenyewe mara mbili.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Rosine, nimechoka."

"Fumba!"

Akafumba. Nikaweka kikombe mbele ya pua yake. "Fumbua. Angalia. Nani anaua? Mkono wa nani unaua?"

Akakitazama. Nilitaka acheke, aninyanyue kama zamani, aseme hata pole. Akauliza, "Kilikuwa wapi?"

"Chumbani kwetu. Dirishani."

"Dirisha gani?"

"Lile la barabara, ndilo lenye jua."

Rangi ikamtoka. "Juu ya barabara? Siku ngapi? Rosine, unakuwa na akili kweli? Pale wapita watoto wa shule, wapita posta, wapita polisi!" Akaninyang'anya kikombe, akakimbilia nyuma, akachungulia pazia kama mwizi. "Vraiment, kweli unataka kuniua."

"Lakini kimeota."

"Hata kikiota!"

"Ciza, kimeota. Umesema mkono wangu unaua, na kimeota."

Hakunisikia. Alikuwa ameshashika simu. Nikasikia anampigia nani, na nikasikia anavyolainisha sauti. Alipoweka simu chini akaniambia bila kunitazama:

"Hapa si salama tena. Jumatatu vyote binahamia kwa Denise. Na mimi nitakuwa kule kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Miche ikihama inakuwa na homa, inaomba mtu karibu. Nitalala kule mpaka ishike."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeotesha kijiti kwa mkono wangu, kwa maombi yangu, na faida yake ni kwamba mume wangu anakwenda kulala kwa Denise. Siku nilipougua malaria kule kwetu, Ciza alinitumia shemeji yangu aje anitazame. Leo bangi ikipata homa anaenda mwenyewe na blanketi.

"Na watu wa kanisa watasemaje," nikamuuliza, "wewe kulala kwa mjane?"

Akavuta pumzi. "Labda ni wakati wabariki kitu," akasema, akapanda juu.

Wabariki kitu! Kitu gani? Hakufafanua, na mimi sikuuliza, maana niliogopa jibu. Siku zote nilimwomba tubarikiwe akasema bado. Sasa wakati umefika, na anayehamiwa si mimi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi sikula.

Jumapili ilikuwa siku ya wageni. Kanisa letu linakodi ukumbi Small Heath, na mara moja moja Mchungaji Athanase anawaalika majirani waje watuone, wasije wakadhani sisi ni watu wa kelele tu. Siku hiyo waliketi mbele Waingereza watano au sita, na katikati yao mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi. Mchungaji akamtambulisha: ndiye askari anayetembea mtaa wetu, leo amevua kofia, amekuja kama jirani. Tukampigia makofi. Na mimi nilipiga.

Kwa hiyo msiniambie sikujua. Nilijua askari yuko pale. Wivu ulishanikalia kichwani, na wivu haujui askari.

Ciza yuko kwenye kinanda, suti ya kijivu niliyoipiga pasi mimi. Denise amesimama mimbarini pembeni ya mchungaji, ana kipaza sauti chake cha kufasiria, amevaa bluu. Kila Mswahili akisema sentensi, yeye anaitoa kwa Kiingereza, haraka, bila kukwama. Tulikuwa tunamjivunia sana.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Mchungaji akauliza nani Bwana amemtendea jambo. Miguu yangu ikainuka kabla yangu.

Nilikusudia kusema jambo moja tu, naapa. Nilitaka waambiwe Ciza ni nani kwangu kabla ya Jumatatu. Miche sikukusudia kuitaja.

"Bwana asifiwe!" nikasema.

"Amina!"

"Praise the Lord," Denise akafasiri.

"Namshukuru Mungu aliyenitoa Uvira, akanileta hapa Birmingham kwa mume wangu."

Benchi la mabinti likageuka zima. Kinanda kilichokuwa kikipigwa polepole kikanyamaza. Denise akatabasamu kwa wageni.

"She thanks God who brought her to Birmingham," akasema, "to her brother."

Brother. Kiingereza changu ni cha sokoni Alum Rock, lakini neno hilo nalijua. Ni kaka.

Nikarudia, polepole, nikimtazama yeye. "Nimesema mume. Ciza ni mume wangu. Amenioa."

Minong'ono ikaanza nyuma. Denise hakutikisika. "She says brother Ciza is very good to her."

Wageni wakamtazama Ciza kwa upendo. Yeye anatazama kinanda chake kama kimeandikwa kitu.

"Na mwanamke huyu anayenifasiri," nikasema, sauti imeshapanda, "ana ufunguo wa chumba ndani ya nyumba yangu, mimi sina!"

"And she thanks me," Denise akasema, jasho linaanza kumtoka kwenye paji, "because I help them at the house."

Wageni wakapiga makofi. Yule askari alipiga kuliko wote. "Lovely," akasema, "lovely."

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nimesimama mbele ya watu, ninalia, nanyang'anywa mume mchana kweupe, na anayeninyang'anya ndiye mdomo wangu. Ninampa uchungu, anautoa sukari. Na ukumbi mzima unaojua Kiswahili umeshika vichwa, wageni wananichekea kwa huruma.

"Wanajifungia!" nikapaza. "Wanajifungia na mimea yao, na wanaiita watoto wao!"

"She... loves gardening," akasema Denise, eti napenda bustani.

Mchungaji Athanase akainuka. "Dada Rosine, inatosha. Tutaongea ofisini."

"Mimi si dada!"

Denise akanisogelea, akainamisha kipaza sauti chake, akaninong'oneza kwa Kiswahili, harakaharaka, "Rosine, nakuomba, nyamaza. Unaona nani ameketi pale? Niko nakuokoa. Kaa chini."

Ni kweli alikuwa ananiokoa. Leo naliona, hata siku ile nililiona kidogo. Lakini alikuwa ananiokoa kama dada wa Ciza. Kila mara aliponifunika bangi alinifunika na ndoa humo humo, kwa shuka moja. Nikaona bora vyote viwe wazi kuliko kuokolewa na yeye.

Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"No brother!" nikawaambia wale wageni kwa Kiingereza changu hicho hicho. "Husband! My husband! She lie. No garden. In my house, up, the room. Bangi! You know bangi? Smoke. Plant, plenty, plenty!"

Kwaya nzima ikanigeukia.

Denise alifumba macho. Mchungaji aliketi bila kutafuta kiti, bahati yake kilikuwepo. Mikono ya yule askari, iliyokuwa inapiga makofi, ikashuka taratibu magotini. Hakuwa tena jirani.

Akasimama. Akauliza kitu kwa Kiingereza, kwa upole, akituangalia mmoja mmoja. Sikukishika chote. Nikamrudishia Denise kipaza sauti, maana sasa nilimhitaji, kama nyote mnavyoona.

Sauti ya Denise ilikuwa imekwisha nguvu. "Anauliza," akasema, "hiyo mimea ni nani anaitunza."

Tulikuwa watatu wa kujibu. Denise aliyeiotesha alikuwa ameinamia kipaza sauti chake. Mimi nilikuwa nimeshasema yangu. Na Ciza, mwenye binamu, mwenye biashara, aliinuka kwenye kinanda, akashuka ngazi za jukwaa moja moja, akaja akasimama kati yetu. Kulia kwake mimi, kushoto kwake yeye.

Niwaambie kweli? Nilishamsahau askari. Nilikuwa namtazama mume wangu usoni kuona atageuka upande gani. Nilisema moyoni, leo achague, hata nikifa nijue.

Akageuka kwangu. Akaniangalia machoni, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi. Kisha akanyoosha mkono, akanionyesha mbele ya kwaya, mbele ya mchungaji, mbele ya wamama wote walioniambia nimtafutie kaka yangu mke.

"Ndiye huyu," akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Ni mke wangu."

Mungu anisamehe. Kabla sijaogopa, kabla sijaelewa alichonifanyia, nilifurahi.

Denise alimtazama Ciza muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nikaona ameelewa kabla yangu, na nikaona anasubiri nikane, nipige kelele, nifanye lolote. Nilikuwa bado natabasamu.

Akainua kipaza sauti.

"His wife," akasema. Safari hii hakuongeza neno wala hakupunguza, na yule askari akanigeukia.